Ageti, jiwe la mistari: linavyoundwa, sifa zake, na namna ya kulitambua kabla ya kuliuza

Mvua inapopita na laga zikakauka, mchanga hubaki umetapakaa mawe ya kila aina. Miongoni mwake huonekana mawe ya mviringo yenye ngozi ya kahawia au ya kijani kibichi, yenye vishimo vidogo kama jiwe lililodonolewa. Kwa nje hayavutii. Jiwe kama hilo likipasuka au likikatwa, huenda ndani yake pakaonekana mistari myembamba ya kijivu, nyeupe, nyekundu au ya rangi ya asali, iliyofuatana kama pete za shina la mti. Jiwe hilo ni ageti.

Katika maeneo ya lava ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Turkana, wafugaji na watoto huokota mawe ya jamii hii wakiwa malishoni. Wengine huyatupa, wengine huyauza kwa bei yoyote watakayotajiwa, na wengine huanza kuyasaga na kuyang'arisha bila kujua hatari ya vumbi lake. Somo hili linaeleza ageti ni jiwe gani, linaundwa vipi, mkazi anawezaje kulitofautisha na mawe yanayofanana nalo, na mambo gani ya kisheria na ya kiafya ayajue kabla ya kulichimba, kulikata au kuliuza.

AGETI NI NINI?

Ageti ni aina ya kalsedoni, na kalsedoni ni silika. Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni, vitu viwili vinavyopatikana kwa wingi kuliko vyote katika miamba ya dunia. Mchanga wa fukwe nyingi kwa sehemu kubwa ni silika. Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga wa silika. Kwatzi, lile jiwe jeupe au la kupenyeza mwanga ambalo hukutwa katika vilima vingi, nalo ni silika.

Tofauti kati ya kwatzi na ageti iko katika ukubwa wa chembe. Katika kwatzi ya kawaida, silika imejipanga kwa fuwele kubwa zinazoonekana kwa macho, mara nyingi zenye pande sita na ncha kali. Katika ageti, fuwele ni ndogo mno kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Zimesimama kama nyuzi nyembamba zilizobanana, nazo huelekea kukata mistari ya jiwe badala ya kulala sambamba nayo. Kubanana huko ndiko kunakolipa jiwe uimara wake na ulaini wake linapong'arishwa.

Si kila kalsedoni ni ageti. Kalsedoni yenye rangi moja nyekundu au ya chungwa ndiyo ambayo watu wa pwani wameijua kwa karne nyingi kwa jina la akiki, na ndiyo inayowekwa kwenye pete za fedha. Kalsedoni yenye mistari ndiyo ageti. Mistari ikiwa imenyooka na kwenda sambamba, kwa mfano mweusi na mweupe, jiwe huitwa oniksi. Yote haya ni ndugu wa baba mmoja.

Jina lenyewe ni la zamani. Mwanafalsafa Mgiriki Theophrastus, aliyeandika juu ya mawe zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilitaja jiwe hili kwa jina la mto Achates wa kisiwa cha Sicily, ambako lilikuwa likiokotwa. Kwa hiyo hata jina la ageti lilianzia kwenye mto, kwa watu waliokuwa wakiokota mawe kama yanavyookotwa leo katika laga.

HATUA ZA KUUNDWA KWA AGETI

Ageti nyingi duniani zimeundwa ndani ya lava ya kale. Vilima vya Lothidok na milima ya upande wa Lokitaung ina lava za aina hiyo, zilizomwagika mamilioni ya miaka iliyopita Bonde la Ufa lilipokuwa linaanza kupasuka. Safari ya jiwe inaweza kugawanywa katika hatua tano.

Hatua ya kwanza: viputo. Lava inapokuwa chini ya ardhi huwa imebeba gesi iliyoyeyuka ndani yake. Inapopanda juu, mgandamizo hupungua na gesi hutoka, sawa na soda inavyotoa povu chupa inapofunguliwa. Lava inapopoa na kuganda kabla gesi haijaisha kutoka, viputo hubaki vimenaswa ndani ya mwamba. Ndiyo sababu mawe mengi meusi ya basalti yana matundu. Matundu mengine ni madogo kama punje ya mtama, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto au zaidi. Lava iliyokuwa ikitiririka huyavuta matundu hayo, na kwa sababu hiyo mengi yana umbo la yai au la lozi.

Hatua ya pili: maji yanayobeba silika. Baada ya lava kupoa, maji ya mvua na ya chini ya ardhi hupenya kwenye nyufa zake. Majivu ya volkano na lava iliyopoa haraka huwa na silika ambayo haijajipanga kwa fuwele, na silika ya namna hiyo huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko kwatzi. Kwenye maji ya joto la kawaida, lita moja inaweza kuyeyusha takriban miligramu 100 au zaidi kidogo za silika isiyo na fuwele, ilhali kwatzi yenyewe huyeyuka kwa miligramu chache tu. Maji yakiwa ya magadi, silika huyeyuka kwa wingi zaidi.

Hatua ya tatu: kujaza tundu. Maji yenye silika hujipenyeza polepole hadi ndani ya matundu ya lava. Hali ikibadilika, kwa mfano maji yakipoa au uchumvi wake ukibadilika, silika hushindwa kubaki ndani ya maji na huanza kushika kwenye kuta za tundu. Aliyewahi kutazama ndani ya birika linalochemshia maji ya kisima cha kuchimbwa ameona ukoko mweupe ukijijenga tabaka juu ya tabaka. Ukoko wa birika ni wa chokaa na ule wa ageti ni wa silika, lakini namna ya kujijenga kuanzia ukutani kuelekea katikati inafanana. Tabaka la nje ndilo la zamani zaidi, na la katikati ndilo la mwisho.

Vipimo vya kikemia vinaonyesha kuwa ageti nyingi za kwenye lava ziliundwa katika joto la chini, mara nyingi chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa maneno mengine, jiwe hili halikutoka kwenye moto wa volkano. Volkano ilitengeneza chungu, na maji ndiyo yaliyokijaza baadaye.

Hatua ya nne: kufunga katikati. Silika ikiendelea kuingia, tundu hujaa kabisa na jiwe huwa zito na lisilo na uwazi. Silika ikipungua ndani ya maji, fuwele za mwisho hupata muda na nafasi ya kukua kubwa. Ndipo katikati ya ageti huonekana kwatzi inayometameta, nyeupe au ya zambarau. Ile ya zambarau huitwa amethisto. Silika ikikoma mapema, katikati hubaki pango dogo lililozungukwa na fuwele.

Hatua ya tano: kutoka kwenye mwamba. Basalti huoza kwa jua, mvua na hewa, hata ikageuka udongo. Ageti haiozi kwa kasi hiyo kwa sababu silika yake ni imara. Mwamba ukishageuka udongo, ageti hubaki zimekaa peke yake kama mbegu zilizotoka kwenye tunda lililooza. Mafuriko huzisomba hadi kwenye laga na kuzisugua. Hii ndiyo sababu ageti huonekana mara nyingi mchangani au kwenye changarawe, mbali na kilima zilikotoka. Vishimo vya ngozi yake ni alama za kuta za tundu lililoizaa.

MISTARI HUTOKEA VIPI?

Kuna maelezo mawili makuu ambayo wanasayansi wamekuwa wakiyapima.

Maelezo ya kwanza ni kwamba maji yenye silika huingia kwa awamu. Kila awamu huwa na kiasi chake cha silika na uchafu wake wa chuma au madini mengine, hivyo huacha tabaka lenye rangi na uzito tofauti na lililotangulia.

Maelezo ya pili ni kwamba silika hujaa ndani ya tundu ikiwa kama uji mzito, kisha mistari ikajitokeza yenyewe uji huo unapoganda. Mwaka 1896 mkemia Mjerumani Raphael Liesegang alionyesha kwamba kemikali zinazosambaa ndani ya kitu kizito kama jeli zinaweza kujipanga kwa pete zilizoachana, bila mtu kuongeza chochote kwa awamu. Baadaye aliitumia hoja hiyo kueleza mistari ya ageti. Katika mawe mengi huenda njia zote mbili zilishiriki.

Umbo la mistari nalo lina habari. Mistari inayofuata kuta za tundu, ikikunja kona kama ukuta wa boma, inaonyesha kuwa silika ilishika pande zote kwa pamoja. Mistari iliyonyooka kama maji yaliyotulia ndani ya sufuria inaonyesha kuwa silika ilitua chini kwa uzito wake. Jiwe moja linaweza kuwa na aina zote mbili. Mistari iliyonyooka humwambia mtaalamu upande gani ulikuwa chini wakati jiwe linaundwa, hata kama limeshaviringishwa na mafuriko mara elfu.

Jambo moja la kusahihisha: mistari ya ageti haihesabiwi kama miaka. Shina la mti katika maeneo mengi huongeza pete moja kwa mwaka kwa sababu ya misimu. Ageti haina msimu. Mstari mmoja ungeweza kuchukua muda mfupi au mrefu, kutegemea maji na silika. Umri wa jiwe hukadiriwa kwa kupima umri wa lava iliyolibeba na madini mengine yaliyomo, na kwa kawaida ageti huwa changa kuliko lava hiyo.

RANGI INATOKA WAPI?

Silika safi haina rangi. Kwenye ageti, nyeupe na kijivu hutokana na jinsi nyuzi na vitundu vidogo vya jiwe vinavyotawanya mwanga. Nyekundu, kahawia na manjano hutoka kwenye chuma, ile ile kutu inayopaka mabati na udongo mwekundu. Michoro myeusi inayofanana na matawi ya mti au ukungu mara nyingi ni madini ya manganisi au ya chuma yaliyojipenyeza. Huo si mmea uliogeuka jiwe, ingawa wengi hudhani hivyo.

Chuma ya manjano ikipashwa moto hupoteza maji yake na kuwa nyekundu. Mafundi wa shanga wa Gujarat, magharibi mwa India, walijua jambo hili zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walikuwa wakiyapasha moto mawe ya manjano kwa uangalifu ili yawe akiki nyekundu. Mji wa Khambhat katika eneo hilo umeendeleza kazi hiyo hadi leo. Shanga za akiki kutoka upande huo zilivuka bahari kwa majahazi na kufika pwani ya Afrika Mashariki, na zimefukuliwa katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili kama Kilwa.

SOMO LA KARIBU: ZIWA MAGADI

Anayetaka kuona silika ikifanya safari yake katika Bonde la Ufa hana haja ya kwenda ng'ambo. Katika Kaunti ya Kajiado, Ziwa Magadi limezungukwa na lava na hulishwa na chemchemi za maji moto yenye magadi mengi. Maji hayo hubeba silika nyingi.

Mwaka 1967 mwanasayansi Hans Eugster alitangaza madini mawili mapya yaliyogunduliwa katika matope ya kale ya ziwa hilo. Moja liliitwa magadiite, kwa jina la ziwa, na la pili kenyaite, kwa jina la nchi. Yote mawili yana sodiamu na silika. Sodiamu ikioshwa na maji, madini haya hugeuka kuwa jiwe gumu la silika, la jamii ya jiwe la kiberiti. Tangu hapo, mawe ya namna hiyo yakionekana popote duniani, wataalamu huyaita ya aina ya Magadi.

Mawe ya Magadi si ageti ya mistari, kwa kuwa yameundwa kwenye matope ya ziwa na si ndani ya matundu ya lava. Hata hivyo yanathibitisha jambo lile lile: katika bonde lenye lava, majivu ya volkano na maji ya magadi, silika huyeyuka, husafiri, kisha hugeuka tena kuwa jiwe.

SIFA ZA AGETI

Ugumu. Ageti ina ugumu wa 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho kinaanzia 1 kwa mawe laini kabisa hadi 10 kwa almasi. Ukucha una ugumu wa karibu 2.5, na kioo na kisu cha kawaida karibu 5.5. Kwa hiyo ageti huukwaruza kioo, na kisu hakiikwaruzi.

Uzito. Ageti ina uzito wa karibu gramu 2.6 kwa kila mililita moja ya ujazo wake. Maana yake, jiwe la gramu 260 litapandisha maji kwa karibu mililita 100.

Mvunjiko. Halina njia maalumu ya kupasukia. Huvunjika kwa uso uliopinda kama ganda la kombe, na kingo zake hukata kama wembe.

Mwanga. Likiwekwa mbele ya jua au tochi, kingo zake nyembamba hupenyeza mwanga. Uso uliovunjika hung'aa kwa mng'ao wa nta, na uliong'arishwa hung'aa kama kioo.

Asidi. Ndimu na siki haziligusi.

Uwazi mdogo. Ingawa ni gumu, lina vitundu vidogo vinavyoweza kunywa rangi. Sifa hii ndiyo inayowezesha kulipaka rangi, na ndiyo inayotumiwa na wadanganyifu.

Ugumu wake na uimara wake dhidi ya asidi ndivyo vilivyofanya ageti itumike kutengenezea vinu vidogo vya maabara vya kusagia sampuli, na ncha za kuegemea za mizani ya zamani ya vipimo vya hali ya juu.

KULIPIMA JIWE NYUMBANI

Vipimo vinne vifuatavyo havihitaji mashine. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, kwa hivyo vifanywe vyote.

1. Kioo. Chukua kipande cha chupa nene, kiweke juu ya meza na ukikwaruze kwa kona ya jiwe. Futa unga kwa kidole kilicholowa. Mkwaruzo ukibaki, jiwe ni gumu kuliko kioo. Linda macho na mikono.

2. Kisu. Jaribu kulikwaruza jiwe kwa ncha ya kisu. Kwenye ageti kisu huacha alama ya kijivu ya chuma inayofutika. Kikichimba mfereji, hilo si ageti.

3. Ndimu au siki. Kwangua unga kidogo wa jiwe na udondoshe tone. Likitoa povu, ni jiwe la chokaa. Kuna mawe ya chokaa yenye mistari ya kupendeza sana ambayo huuzwa kwa jina la oniksi, lakini ni laini na hayana silika.

4. Maji. Pima uzito wa jiwe kwa mizani ya jikoni. Weka maji kwenye jagi lenye alama za mililita, tumbukiza jiwe, na usome maji yamepanda kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita. Jibu likiwa karibu na 2.6, jiwe linaweza kuwa ageti au kwatzi. Likiwa karibu na 1, huenda ni plastiki.

Kwa jiwe lililokwisha kung'arishwa, tazama rangi. Waridi kali, buluu ya wino na kijani cha kung'ara kwa kawaida ni rangi ya kupakwa. Rangi ya kupakwa hujikusanya kwenye nyufa. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, waliukuza ufundi huu katika karne ya 19, hasa walipoanza kupokea ageti nyingi za kijivu kutoka kusini mwa Brazil. Nyeusi, kwa mfano, walipata kwa kuliloweka jiwe kwenye maji ya sukari au asali, kisha kuiunguza sukari hiyo kwa asidi ndani ya vitundu. Kulipaka jiwe rangi si kosa muuzaji akisema wazi. Kosa ni kuliuza kama rangi ya asili.

THAMANI YAKE

Wakazi wengi huuliza bei. Jibu la kweli ni kwamba ageti ghafi si jiwe la kumtajirisha mtu kwa siku moja. Vito adimu kama tsavorite ya Taita Taveta huuzwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Ageti ghafi kwa kawaida huuzwa kwa kilo, kwa sababu inapatikana katika nchi nyingi. Anayeahidi mamilioni kwa gunia la ageti, au anayedai malipo ya awali ili kumtafutia mtu mnunuzi wa ng'ambo, aogopwe.

Thamani ya ageti huongezeka mikononi mwa fundi. Jiwe lile lile likikatwa vizuri, mistari ikaonekana, likang'arishwa na kuwekwa kwenye kidani, pete au sahani ya mapambo, bei yake hupanda mara nyingi juu ya bei ya jiwe ghafi. Botswana ni mfano wa Afrika: ageti za mistari myembamba ya kijivu na waridi zinazopatikana katika eneo la Bobonong, kwenye lava za kale, zinajulikana kwa wapenda mawe duniani kwa jina la nchi hiyo. Jina huletwa na ubora wa mistari, kukata kwa ustadi, na kusema ukweli kuhusu mahali jiwe lilikotoka.

Kabla ya kuuza, mkazi akate au avunje jiwe moja kutoka kwenye fungu ili kuona mistari. Atenganishe yenye nyufa na yasiyo na nyufa. Aandike mahali kila fungu lilikookotwa. Hatua hizi tatu hazigharimu kitu, nazo humwezesha kujadili bei akijua anachouza.

VUMBI LINALOUA

Sehemu hii isirukwe. Ageti ni silika, na vumbi la silika likivutwa huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Makovu hayaponi. Mgonjwa hupungukiwa na pumzi, hukohoa, na huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Huko Khambhat, ambako familia zimesaga ageti majumbani kwa vizazi, silikosisi imewapata mafundi na hata majirani wasiogusa jiwe, kwa kuwa vumbi lilisambaa katika nyumba.

Kuokota ageti au kuishika hakuna madhara. Hatari huanza mtu anapoikata, kuitoboa, kuisaga au kuing'arisha ikiwa kavu. Kwa hiyo:

– Kata na saga kwa maji wakati wote ili vumbi ligeuke tope.
– Vaa barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, inayobana vyema usoni. Kitambaa au leso haitoshi.
– Usifagie vumbi kavu. Lowesha sakafu kwanza, au pangusa kwa kitambaa kilicholowa.
– Fanya kazi mbali na nyumba, jikoni na watoto. Badilisha nguo kabla ya kuingia ndani.
– Vaa miwani ya kazi. Kibanzi cha ageti hukata kama kioo.
– Fundi mwenye kikohozi kisichoisha aende kituo cha afya na amweleze mhudumu kwamba anafanya kazi ya mawe.

SHERIA NA URITHI

Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote yako mikononi mwa Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa ndani ya shamba la mtu au ardhi ya jamii. Anayetaka kutafuta au kuchimba madini anahitaji kibali. Kwa wachimbaji wadogo kuna kibali maalumu ambacho hupewa raia wa Kenya aliyetimiza umri wa utu uzima, na wanaweza kujiunga katika chama cha ushirika au kikundi. Maombi hupelekwa kwa mwakilishi wa Mkurugenzi wa Madini katika kaunti. Biashara ya madini na kuyapeleka nje ya nchi pia huhitaji leseni na vibali.

Sheria hiyo inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ambako uchimbaji unafanyika. Jiwe likitoka kwa magendo, jamii hupoteza sehemu yake.

Kwa Turkana kuna jambo la pili. Watu wa kale walipenda mawe ya silika kwa sababu huvunjika kwa makali, hivyo waliyatumia kutengeneza zana. Kaunti hii ndiyo yenye Lomekwi, ambako zilipatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3 zilizotangazwa mwaka 2015, na Nariokotome, ambako Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana wa kale mwaka 1984. Aidha, mti au mfupa uliogeuka jiwe unaweza kuonekana kama ageti, kwa kuwa nao huenda umejazwa silika.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo. Jiwe lenye makali yaliyochongwa, lenye umbo la mfupa au jino, au lenye nyuzi za mbao, liachwe pale pale lilipo. Mahali palipo panakumbukwa kwa alama, kisha chifu au Makavazi ya Kitaifa wajulishwe. Likishaondolewa udongoni, hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu wataalamu huusoma udongo ulioliweka pamoja na jiwe lenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, ageti imetoka kwenye moto wa volkano?
Hapana. Lava ilitengeneza tundu. Maji yenye silika ndiyo yaliyolijaza baadaye, katika joto la chini.

2. Jiwe lina mistari 40. Je, lina miaka 40?
Hapana. Mistari ya ageti haifuati miaka.

3. Jiwe lenye mistari limetoa povu kwa ndimu. Ni ageti?
Hapana. Ni jiwe la chokaa.

4. Kwa nini ageti huonekana mchangani mbali na kilima?
Lava huoza na kuwa udongo, lakini ageti hubaki na kusombwa na mafuriko.

5. Fundi afanye nini kwanza kabla ya kuwasha mashine ya kukatia?
Afungulie maji, avae barakoa na miwani, na ahakikishe hakuna mtoto karibu.

6. Mkazi ameona jiwe la silika lenye makali yaliyochongwa pande zote mbili. Afanye nini?
Aliache pale pale, aweke alama mahali hapo, na amjulishe chifu au Makavazi ya Kitaifa.